Haki ya Askari Anapokuwa Mnunuzi



Mishahara inapotoka, maduka ya Bwera na Mpondwe hupata wateja wa namna mbili. Wa kwanza ni wenyeji walioteremka kutoka milimani, kwa miguu au kwa bodaboda, wakiwa na orodha fupi na fedha zilizohesabiwa mara tatu. Wa pili ni ninyi askari. Mnakwenda kununua sukari, sabuni, godoro, simu, saruji, na mabati ya nyumba zinazojengwa mbali na vituo vyenu vya kazi. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu wakati huo mfupi ambapo askari anasimama mbele ya meza ya duka, si kama mlinzi wa nchi, bali kama mlaji mwenye fedha mkononi. Je, haki yake ni ipi? Na akipunjwa, aidai kwa njia gani?

Natuchukue mfano. Hatumtaji mtu, kwa sababu hatumsemi mtu mmoja. Tuseme yuko koplo ambaye kwao ni Kyondo, katika Wilaya ya Kasese. Amekopa Wazalendo, kile chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, ili amwezekee mama yake nyumba. Yuko katika likizo ya siku chache. Anafika dukani Bwera, anataka mabati 40 ya geji 28. Anaonyeshwa bati moja lililoegemezwa mlangoni, analipapasa, anaridhika. Analipa shilingi 1,800,000. Mabati yanafungwa kwa kamba, yanapakiwa na vijana wa duka, na gari linapanda mlima.

Anayegundua ubaya ni fundi. Anapigilia msumari, na bati linabonyea. Analipima kwa kidole na kucha, kama mafundi wafanyavyo, anatikisa kichwa. Lililoonyeshwa mlangoni lilikuwa geji 28. Yaliyofika Kyondo ni geji 30, na baadhi ni 32. Yafaa ieleweke, kwa manufaa ya wale ambao hawajapata kujenga, kwamba katika mabati namba ikizidi kuwa kubwa bati huzidi kuwa jembamba. Mnunuzi asiyejua jambo hili anaweza hata kudhani kwamba amependelewa kwa kupewa namba kubwa zaidi.

Muuzaji wa namna hii si mjinga. Anaijua njia ya Kyondo. Anajua kwamba kuyateremsha mabati 40 na kuyapandisha mengine kutamgharimu mteja wake nauli mbili na siku mbili, na kwamba likizo ya askari ina mwisho wake. Faida yake haitoki katika unene wa bati peke yake; hutoka katika umbali. Ndiyo maana watu wa milimani hupunjwa kuliko watu wa mjini, na ndiyo maana wengi wao hunyamaza.

Sasa koplo wetu ana njia mbili mbele yake.

Njia ya kwanza ni fupi. Awachukue wenzake wawili, wavae sare, wachukue na silaha, wateremke Bwera. Tusidanganyane: njia hii hufanya kazi. Fedha zitatoka mapema kuliko hukumu yoyote ya mahakama. Lakini na tujiulize zimetoka kwa sababu gani. Muuzaji mwongo atalipa, na muuzaji mkweli vilevile atalipa, maana mbele ya bunduki hakuna ajuaye kusema kwamba mabati yalibadilishwa njiani au kwamba mteja mwenyewe ndiye aliyechagua ya bei nafuu. Bunduki haina uwezo wa kuchunguza geji. Kuanzia saa hiyo, koplo aliyekuwa mdai anageuka kuwa mshtakiwa, na lile shauri lake la haki linapotea ndani ya shauri jipya la kutumia silaha ya serikali kudai deni la nyumbani kwake. Muuzaji atasimama mbele ya watu akiwa ndiye aliyedhulumiwa.

Hapana haja ya kuficha kwamba nchi yetu ina kumbukumbu ya mambo haya. Mwaka 1972, utawala wa Idi Amin ulipowapa Waasia siku 90 waondoke, maduka yao mengi yaligawiwa wanajeshi na watu waliokuwa karibu na utawala. Wananchi waliwaita matajiri hao wapya mafuta mingi. Wengi hawakujua bei ya kununulia bidhaa wala njia ya kuzipata tena. Shehena iliyokuwa dukani ilipokwisha, duka nalo likafa. Bidhaa zikaadimika, magendo yakashamiri, na kahawa ikavuka mipaka usiku. Mwaka 1975 ikatolewa amri ya kuunda mahakama ya makosa ya uchumi, iliyokaliwa na wanajeshi, kuwahukumu walanguzi na waficha bidhaa. Mwenye gwanda akawa mwenye duka, akawa mpanga bei, akawa na hakimu wa bei. Mnunuzi angelalamika kwa nani?

Lugha hii tunayoitumia sasa hivi nayo ililipa gharama. Katika sehemu nyingi za Uganda, watu wa umri fulani walijifunza maneno yao ya kwanza ya Kiswahili kutoka kwa mtu mwenye silaha aliyesimama katikati ya duka akiagiza vitu asivyokusudia kulipia. Chuki ya Kiswahili tuliyoishangaa kwa miaka mingi ilikuwa, kwa sehemu kubwa, chuki ya kitendo hicho.

Ni kwa kulijua jambo hilo kwamba kanuni za maadili za Jeshi la Upinzani la Taifa, zilizotangazwa rasmi kwa sheria mwaka 1986 na ambazo UPDF imezirithi, ziliteremka hadi kwenye mambo madogo kabisa. Zinamkataza askari kuchukua mali ya raia bila kulipa, hata kama ni ndizi mbivu au muwa, kwa kisingizio kwamba ni ndizi na muwa tu. Zinamwagiza alipe mara moja, na kwa fedha taslimu. Si mara nyingi sheria za jeshi duniani zikautaja muwa kwa jina. Walioziandika walijua kwamba ugomvi kati ya jeshi na wananchi hauanzi na mizinga, huanza sokoni.

Na kwa upande wa Mpondwe pana sababu nyingine. Pale ni mpakani. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wanafunzi. Katika sehemu kama hiyo, mwenye duka ndiye anayemwona mgeni kabla ya mtu mwingine yeyote: nani amenunua unga mwingi kupita kawaida ya nyumba yake, nani amelipa bila kuuliza bei. Mtu huyo akiwa na jambo la kuwaeleza askari, atalieleza kwa askari aliyemlipa. Kwa yule aliyehamishwa kituo akamwachia jina lake katika daftari la madeni, atanyamaza. Tunalitaja daftari hilo makusudi, kwa kuwa haki ya mnunuzi ina upande wake wa pili, nao ni deni la mnunuzi.

Tuje sasa kwenye njia ya pili, ambayo ni ndefu kidogo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamlinda mnunuzi hata pale ambapo hakuna aliyetamka neno juu ya ulinzi huo. Kitu kikiuzwa kwa jina au maelezo fulani, ni sharti kilingane na maelezo hayo. Kikiuzwa kwa kuonyesha sampuli, kilichobaki lazima kifanane na sampuli. Na mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokitakia kitu, akautegemea ujuzi wa muuzaji, kitu hicho kiwe kinafaa kwa kazi hiyo. Koplo wetu aliagiza geji 28. Hayo ni maelezo. Akaonyeshwa bati mlangoni; hiyo ni sampuli. Amevunjiwa sharti mara mbili, wala hahitaji kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia ubaya. Ana haki ya kuyakataa mabati na kurudishiwa fedha zake, au akipenda kubaki nayo adai fidia ya tofauti.

Lakini haki hiyo ina muda. Mnunuzi hupewa nafasi ya kukikagua kitu, na akikitumia kama mali yake au akikaa nacho kimya kwa muda mrefu kupita kiasi, sheria humhesabu kuwa amekikubali. Kwa hiyo neno la kwanza ambalo koplo anapaswa kumwambia fundi wake ni: acha nyundo. Bati lililokwisha kupigwa misumari na kukatwa ncha litamtia mdai katika mabishano asiyoyahitaji. Lile moja lililopigiliwa ndilo litakuwa ushahidi; yale 39 yabaki na kamba zake.

Wengi watauliza juu ya kile kibao kinachotundikwa ukutani au kupigwa mhuri chini ya risiti, kisemacho kwamba mali ikiisha kuuzwa hairudishwi. Kibao hicho kina maana yake. Kinamzuia yule aliyenunua shati la bluu kisha mkewe akapenda la kijani. Muuzaji halazimiki kumtumikia mtu aliyebadili nia. Ila kibao hakiwezi kuligeuza bati la geji 32 likawa geji 28. Aliyepewa kitu kingine kisichokuwa kile alichokinunua hajaomba hisani anapokirudisha.

Lililo gumu zaidi ni ushahidi. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mapatano ya thamani inayozidi shilingi 500,000 yawe katika maandishi. Ni wangapi kati yetu hununua mabati, pikipiki au mashine ya kusaga kwa neno la mdomo na kupeana mikono? Risiti isemayo tu kwamba zimepokelewa shilingi 1,800,000 ni nusu ya risiti. Iandikwe idadi, iandikwe geji, iandikwe urefu, jina la kiwanda, tarehe, jina la duka na saini. Muuzaji akisita kuandika neno geji, amekwisha kujibu swali ambalo hujamwuliza. Na yule anayelipa kwa simu asiufute ujumbe wa malipo. Ni risiti nyingine, hata kama haisemi ni malipo ya nini.

Kabla ya kulipa, lisomwe bati lenyewe, na si lile la mlangoni tu. Bati la kiwanda kinachojiheshimu lina maandishi ya kiwanda na geji mgongoni mwake. Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989, limekuwa likitoa maonyo juu ya mabati membamba yanayouzwa kwa namba za uongo. Shirika hilo lina ofisi Mbarara kwa ajili ya sehemu za magharibi, nalo hupokea malalamiko ya raia. Wakaguzi wake wana kipimo cha unene kinachomaliza ubishi ambao kucha ya fundi haiwezi kuumaliza.

Shirika hilohilo ndilo linalokagua mizani, na hapa yatupasa tumkumbuke mama wa koplo. Yeye naye ana shauri lake. Milima ya Kyondo hulima kahawa, na mama anapoipeleka kwa mnunuzi, anakuta mizani ya mtu mwingine. Sheria inataka mizani ya biashara ihakikiwe kila mwaka na kutiwa alama. Kutumia mizani ya uongo ni kosa la jinai, si ujanja wa biashara. Mkulima anayo haki ya kuiona alama hiyo. Akitia shaka, aweke juu ya mizani paketi ya chumvi ya kilo moja iliyofungwa kiwandani, aone sindano itasimama wapi. Hili halihitaji elimu wala cheo. Hata hivyo wengi huona haya kulifanya, hasa wanapokuwa wamekwisha kukopeshwa fedha na mnunuzi yuleyule kabla ya mavuno, na mizani ya mkopeshaji haiulizwi maswali.

Turudi Bwera. Koplo amevaa nguo za kiraia. Ameshika risiti na kipande cha bati, na amefuatana na fundi wake pamoja na mzee mmoja wa kijiji. Anamwendea muuzaji na kumweleza kwa sauti ya kawaida alichokiagiza na alichopewa. Mashauri mengi huishia hapo. Muuzaji huweza kuwa amepakiliwa vibaya na vijana wake, au amedanganywa na aliyemwuzia kwa jumla, naye anajua kwamba mteja mwenye risiti kamili na mashahidi wawili ni mteja wa kusikilizwa. Wakipatana, mapatano yaandikwe: nani atalipa nauli ya kuyateremsha mabati, na yale mengine yatafika lini. Nauli ndiyo inayosahauliwa mara kwa mara, nayo ndiyo inayofufua ugomvi.

Akikataa, liko baraza. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 imezipa mahakama za LC uwezo wa kusikiliza mashauri ya madeni na mikataba ambayo thamani yake haizidi shilingi 2,000,000. Shauri la koplo limo ndani ya kiwango hicho. Huanzia katika mahakama ya kijiji, huko huko yalikofanyika mauziano, na asiyeridhika hukata rufani katika parishi, kisha kaunti ndogo, hadi kwa Hakimu Mkuu. Hahitaji wakili. Mahakama hiyo huweza kuamuru mali irudishwe, fidia ilipwe, hata kuombwa radhi. Husikiliza kwa lugha ya wenyeji walio wengi, kwa hiyo Bwera ni Lukonzo. Askari aliyetoka Teso au Acholi akumbuke kuomba mkalimani mapema, asije akakasirishwa na kicheko asichokielewa.

Kama thamani imezidi milioni mbili lakini haizidi shilingi 10,000,000, uko utaratibu wa madai madogo uliowekwa na kanuni za mwaka 2011, katika mahakama za mahakimu. Mdai humpelekea mdaiwa taarifa ya madai na kumpa siku 14 za kujibu. Asipojibu au akikataa, shauri hufunguliwa, wahusika husimama wenyewe bila mawakili, na mambo huamuliwa upesi kuliko katika mashauri ya kawaida.

Neno moja sasa kwa ndugu zetu wa Polisi, ambao kila siku huletewa mashauri haya kituoni. Mtu anayedaiwa si mhalifu kwa sababu tu anadaiwa. Duka lililouza redio mbovu na likakataa kuirudisha lina shauri la madai, na mahali pake ni mahakamani. Jinai huingia pale muuzaji alipojua, wakati anapokea fedha, kwamba analolisema ni uongo, na uongo huo ndio uliomfanya mnunuzi atoe fedha. Kwa hiyo swali la kwanza la askari wa zamu lisiwe ni kiasi gani kinadaiwa, bali ni maneno gani yalisemwa siku ya mauzo, mbele ya nani. Kama maandishi ya geji mgongoni mwa mabati yamefutwa na kupigwa upya, hapo pana kazi ya mpelelezi. Kama mabati yamechanganywa bohari na mwenye duka yuko tayari kuyabadili, hapana. Na kumweka mwenye duka rumande tangu Ijumaa hadi Jumatatu ili ndugu zake wachange fedha za mlalamikaji ni kufanya kile kile tulichomkataza koplo, isipokuwa kimefanywa kwa kitabu cha kituo.

Waliovuka mto Lhubiriha wakanunua upande wa Kasindi wana shida ya ziada. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini duka la Kasindi liko chini ya sheria ya Kongo, na mahakama ya kijiji cha Bwera haina amri huko. Kitenge waweza kukikagua ukiwa umesimama hapo hapo. Betri ya sola au simu usiyoijua, afadhali kuinunua kwa mtu ambaye wito wa LC unaweza kumfikia.

Koplo wetu likizo yake itakwisha kabla shauri halijasikilizwa. Hilo ni jambo la kutazamiwa. Na amweleze mkuu wake wa kikosi mapema, kwa maandishi, akiomba ruhusa ya siku ya kusikilizwa, na aambatanishe nakala ya risiti. Huko Kyondo mabati 39 yawekwe juu ya magogo yasiguse udongo, yafunikwe, na fundi aendelee na kuta.